Mama Tikisa na Sakafu ya Vidole Vitatu

Miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Huo ndio utumishi wa fundi mkuu wetu, na utakamilika tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, atakapoitundika ovaroli yake ya bluu kwa mara ya mwisho. Aliripoti kazini tarehe mosi Machi akiwa na miaka ishirini na sita na spana nne za kwake mwenyewe, amezifunga kwenye kitambaa. Anaondoka akiwa na miaka sitini na wajukuu watatu. Jina lake limo kwenye faili, lakini hapa karakana hata mkurugenzi humwita Mama Tikisa.

Nimeombwa niandike haya kwa kuwa mimi ni mtunza stoo, na mtunza stoo ndiye anayejua nani kachukua nini na hajarudisha. Katika miaka kumi na tisa niliyokaa kwenye dirisha langu zimepotea spana hamsini na tatu za namba kumi. Hakuna hata moja iliyopotelea mikononi mwa Mama Tikisa. Ningeweza kuishia hapo, na watunza stoo wenzangu popote walipo wangevua kofia.

Karakana yetu inahudumia magari ya manispaa: ya wagonjwa, ya taka, ya zimamoto na mabasi mawili ya shule. Alipoanza hapakuwa na lifti ya kunyanyulia magari. Palikuwa na jeki mbili, magogo ya kuegemezea, na maboksi yaliyochanwa ya kulalia. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi amelala chali sakafuni, oili ikimdondokea shingoni, na kwa kuwa ana mwili mdogo, kila palipobana alitumwa yeye. Lifti ya kwanza ilipofika, mafundi waligombea kubonyeza kitufe kama watoto. Yeye aliomba kijitabu cha maelekezo, akakaa nacho juu ya ndoo iliyogeuzwa, akakisoma siku mbili.

Siku ya tatu alianza desturi iliyompa jina. Hulinyanyua gari mpaka matairi yaachane na sakafu kwa upana wa kiganja, kisha husimamisha lifti. Huenda mbele, akaweka mikono yote miwili kwenye bampa, akalitikisa. Huenda nyuma, akalitikisa tena. Husikiliza. Ndipo hulipandisha juu. Amelifanyia hivyo kila gari, hata siku ambazo magari kumi na manne yalikuwa kwenye foleni na madereva wanapiga honi. Wapo waliomtania kwamba analibembeleza gari lilale. Ni mtu wa maneno machache, na ukizidi kubisha atakuambia tu kwamba mpanda ngazi hushuka, ila ni vizuri ashuke kwa hiari yake.

Kuna asubuhi moja, miaka minane iliyopita, ambayo sitaisahau. Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiriwa hospitali, dereva hatulii, msimamizi wa zamu anaangalia saa. Mama Tikisa akalinyanyua, akalitikisa, akasikiliza, akalishusha. Akalinyanyua tena, akalitikisa, akalishusha tena. Msimamizi alimpandishia sauti mbele yetu sote. Yeye akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye chasi pale pale mkono wa lifti ulipokuwa umeshika, na bisibisi ikazama kama kwenye mkate. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu kwa ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Watu wawili walikuwa wamepangiwa kazi chini ya gari lile, na mmoja wao leo ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe hii. Tulipomuuliza alijuaje, alisema gari lilichelewa kutulia. Basi.

Baada ya hapo aliagizwa aandike utaratibu wa kunyanyua magari, akauandika kwenye ukurasa mmoja. Umebandikwa ukutani kwenye chumba cha chai, na mstari wa kwanza unasema: Anza na sakafu. Amewafunza mafundi arobaini na mmoja kwa ukurasa huo. Magari aliyonyanyua hayahesabiki, na lililowahi kumponyoka halipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu, na ambalo ninaliandika kwa ruhusa yake na ya mumewe.

Mwaka jana daktari aliziangalia picha za mgongo wa Mama Tikisa, akampa marufuku tatu: asilale tena sakafuni, asipige magoti, asifanye kazi ameinama. Kusimama ruksa. Kwa mtu mwingine hizo ni habari nzuri. Kwa fundi anayekaribia kustaafu, aliyepanga kufungua gereji ndogo nyumbani kwake, zilikuwa na maana moja tu. Ama apate lifti ya kusimama chini yake, ama mikono ile ikae bure kuanzia siku ya kuagwa. Aliniambia mwenyewe dirishani, huku akirudisha seti ya soketi, kwamba haogopi uzee. Anaogopa kukaa kibarazani akisikia injini ya jirani inakohoa na asiweze kwenda.

Nyumbani kwake kuna banda la gari lililojengwa na mumewe, shemeji yetu, ambaye ni mwashi na amewajengea nusu ya mtaa wao. Mama Tikisa alinunua daftari la shule, akaanza kuchagua lifti kama mtu anayechagua mkwe. Daftari hilo nimelishika. Ameandika uzito wa gari la kila jirani. Amepima urefu wa dari sehemu tatu, na akaandika ni lifti zipi hukubali umeme wa nyumbani na zipi huukataa. Kisha anakuja kwenye aina zenyewe. Ya nguzo nne ingelimeza banda lote, na gari hukaa juu yake kwa matairi, wakati kazi nyingi za majirani ni breki na springi. Ya mkasi hukaa juu ya sakafu bila kufungwa, lakini huishia usawa wa kifua, na fundi hujikuta ameinama au amejikunja kwenye kigoda. Ya nguzo mbili huliacha gari likining'inia, matairi huru, na fundi husimama wima chini yake. Hiyo ameichorea nyota. Halafu nyota ameikata, na chini ya mkasi ameandika neno moja: Itatosha.

Sababu ilikuwa sakafu. Nguzo mbili hufungwa kwa bolti zinazozama kwenye zege, na bolti hizo ndizo hushikilia uzito wote usipinduke. Shemeji alikuwa akijisifu miaka yote kwamba zege la banda lile ni nusu shubiri nzima. Mwezi Aprili Mama Tikisa aliazima drili stoo, mimi mwenyewe nikaandika kwenye daftari langu "kazi ya nyumbani" na nisijiulize lolote. Alisubiri mumewe atoke, akatoboa matundu matatu, akapima. Vidole vitatu. Sehemu zote tatu, vidole vitatu. Akayaziba matundu kwa saruji, akasogeza sanduku la vifaa juu yake, akanirudishia drili yangu ikiwa safi. Hakumwambia mtu. Sakafu ile ilikuwa fahari ya mzee wake, na yeye aliona heri ajikunje kwenye kigoda kuliko kumwaibisha.

Haya yote sisi hatukuyajua. Tulikuwa tumeunda kamati ya watu watano, mimi katibu, ili tumpe lifti kama zawadi ya kumuaga. Tuliagiza ya nguzo mbili, tena nzuri. Tulibishana wiki nzima kuhusu rangi. Tukapima mlango wa banda ili tujue nguzo zitapitaje, na shemeji akatushikia upande wa pili wa futi, ana furaha kuliko sisi. Hakuna aliyepima sakafu. Mikutano yote mitano tuliifanyia kwenye chumba cha chai, migongo yetu imeegemea ukuta ule wenye ule ukurasa. Mganga hajigangi, jamani.

Jumamosi ya mwisho ya Mei tuliipeleka kwa lori, watu kumi na saba. Mama Tikisa alitoka ndani akiwa anafuta mikono. Aliisogelea nguzo moja, akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akasema anashukuru sana, lakini hii haimfai, mkasi utamtosha.

Tulinuna. Watu wazima kumi na saba tulinuna siku tatu. Mmoja alisema ni majivuno, mwingine kwamba amezeeka vibaya. Mimi nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua ya kumrudishia muuzaji mzigo wake. Ninaomba radhi hapa hapa, mbele ya wote.

Jumanne, wakati wa chai, shemeji alikuja karakana kwa miguu, kofia mkononi. Alikuwa amesogeza sanduku la vifaa akitafuta msumeno, akaona viraka vitatu vidogo sakafuni. Mwashi haambiwi saruji mpya ni ipi, na ndipo alipoelewa kwamba sakafu imepimwa na kwa nini lifti imekataliwa. Alisimama katikati yetu na hakupindisha maneno: "Sakafu ile niliipunja mimi. Msimlaumu."

Alieleza kwamba mwaka ule alioimwaga, mama mkwe wake alikuwa amepooza na anakuja kuishi nao, na nyumba haikuwa na chumba ambacho kiti cha magurudumu kingeweza kuingia. Akachukua zaidi ya nusu ya saruji ya banda, akamjengea mama mkwe chumba chenye mlango mpana na mteremko. Iliyobaki akaitandaza bandani, akakusudia kuongeza tabaka la pili. Mama mkwe aliishi kwenye chumba kile miaka tisa. Tabaka la pili halikuja, na lile neno la nusu shubiri, likishatamkwa mara moja, likawa gumu kulimeza.

Mama Tikisa alikuwa amesimama chini ya lori la taka. Aliyasikia pamoja nasi, kwa mara ya kwanza. Mama aliyejengewa chumba ni mama yake mzazi. Aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Kisha akamwambia mumewe kwamba unene wa sakafu anaujua tangu Aprili, na mumewe akamjibu kwamba ameyaona matundu, na kazi ya kuziba ameifanya vibaya. Wakacheka wao wawili. Sisi tulibaki tumeshika vikombe, hatujui kama tumeruhusiwa kucheka. Nimeona magari yakifufuka mle ndani, nimeona injini ya zimamoto ikiwaka baada ya miezi saba ya ukimya. Sijaona jambo kama lile.

Juma lilelile shemeji aliivunja sakafu yake kwa nyundo yake mwenyewe, miraba miwili mikubwa pale nguzo zitakaposimama. Akachimba, akafunga nondo, na tarehe 12 Juni akamwaga zege. Sisi tulibeba kokoto tu. Kugusa mwiko alitukataza. Kabla zege halijashika, alimkabidhi mkewe fimbo iliyotiwa alama, akasogea pembeni. Mama Tikisa akaizamisha kwenye kona zote nane, moja moja, hana haraka, na mwashi wa miaka sitini na sita akasimama kando kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kwenye daftari ameandika: Shubiri na nusu. Imepimwa.

Kamati iliona kheri imetimia. Tulitaka lifti ifungwe baada ya wiki mbili, ili siku ya sherehe twende wote tukamwone akilipandisha gari la kwanza. Bendera za karatasi tulikwisha kata. Mama Tikisa alikataa. Zege hukomaa siku ishirini na nane, na haliangalii ratiba ya kamati. Tulimbembeleza, mkurugenzi naye akambembeleza, tukasema hata siku kumi na nane si haba. Akatuonyesha kidole kuelekea chumba cha chai.

Kwa hiyo siku ya kumuaga hakutakuwa na gari hewani. Lifti yenyewe, ya kijani kama wengi walivyopiga kura, itakuwa imelala bado kwenye mbao zake chini ya turubai, na zege litakuwa na siku kumi na nane. Kila asubuhi na kila jioni wanatoka wote wawili kwenda kulimwagilia maji, yeye na mzee wake, na majirani wanasema wanakaa bandani muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Mafundi kumi na saba wanataka kwenda kukaza bolti. Amechagua wanne, na akasema atazipitia zote mwenyewe.

Mama Tikisa, karakana hii inakushukuru. Wapo watu wanaorudi kwa watoto wao kila jioni na hawajui kwamba ni wewe uliyewarudisha. Tunamshukuru shemeji, kwa chumba na kwa sakafu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, wateja wasio wabishi na wajukuu wasiogusa vitufe.

Ulianza kazi yetu ukiwa umelala chali kwenye boksi. Tarehe 10 Julai, saa tatu asubuhi, gari litapanda nyumbani kwako, nawe utaingia chini yake ukiwa umesimama.