Mwalimu Abdulwahab Jamaldini Hakuuza Kompyuta za Nzasilo

Kabla ya kueleza alizaliwa lini, familia inaanza na jambo ambalo baadhi ya waliokaa kwenye mikeka hii wamelisema kwa miaka mitano. Marehemu Mwalimu Abdulwahab Shaaban Jamaldini hakuuza kompyuta za Shule ya Msingi Nzasilo, wala hakuzing'oa vifaa vya ndani akavipeleka mjini. Kilichotokea kitasomwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1946 kijijini Kolo, Kondoa, mtoto wa pili wa Mzee Shaaban Jamaldini na Bi. Rukia, wakulima. Alisoma chuo cha Kurani hapo kijijini, kisha shule mjini Kondoa, na mwaka 1966 alihitimu ualimu Mpwapwa. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mvumi.

Mwaka 1973 alimwoa Bi. Mwajabu, mwalimu wa sekondari. Jumamosi moja, ndoa ikiwa bado changa, alikuta kipande cha chaki ya shule katika mfuko wa koti, akavaa viatu ili akirudishe.

"Chaki hiyo itasubiri Jumatatu," mkewe alimwambia.

"Chaki itasubiri. Mimi ndiye sitalala."

Mwaka 1989 alipewa ukuu wa shule ya Nzasilo, njia ya kwenda Hombolo. Alikuta darasa la nne halina paa, watoto wamekalia matofali, na wazazi wengi wanaona heri mtoto achunge. Machi 1997, mradi mmoja wa wafadhili ulipofunga ofisi yake Dodoma mjini, alikwenda mwenyewe kuomba kompyuta zao tano na jenereta. Wakampa. Habari zilipoenea, watoto waliokuwa wameacha shule wakaanza kurudi.

Kompyuta ziliwekwa stoo, zikafunikwa khanga, mlango ukafungwa hadi mgeni rasmi aje kuzizindua. Mgeni aliahirisha kwanza kwa sababu ya safari, kisha kwa zile mvua kubwa zilizokata barabara, kisha bila sababu. Walimu walimwomba marehemu afungue, watoto waanze. Mzee Sila, mwenyekiti wa kamati ya shule, akamwambia, "Mwalimu, ukifungua kabla ya wakubwa, kesho kikipotea hata kitufe kimoja utajibu nini?" Marehemu hakufungua.

Binti yake Lulu, aliyekuwa darasa la saba, alimfuata hadi mlango wa stoo.

"Baba, niguse moja tu. Sibonyezi kitu."

"Hapana."

"Hata mimi, mwanao?"

"Wewe hasa. Watasema mwalimu mkuu kaomba kompyuta za nyumbani kwake."

Lulu na darasa lake lote walimaliza shule mwaka ule wa 1997 bila kuziona zikiwaka.

Mgeni rasmi alifika Agosti 1998. Ngoma zilichezwa, utepe ukakatwa, jenereta ikanguruma. Haikuwaka kompyuta hata moja. Mzazi mmoja akapaza sauti dirishani, "Maganda hayo! Kokwa kashakula mwalimu!" Watu wakacheka. Mgeni naye akacheka. Kicheko hicho ndicho walichoondoka nacho.

Kesho yake fundi kutoka mjini alizifungua mbele ya kamati. Panya walikuwa wamezaa humo na kutafuna nyaya, na vumbi lilikuwa limejaa. Mzee Sila aliona kwa macho yake. Kila alipoulizwa kijijini alijibu, "Mambo ya shule yana wenyewe."

Marehemu alivuliwa ukuu wa shule pasipo kuambiwa kosa lake. Alihamishwa, akafundisha darasa la tatu hadi mwaka 2001, alipozidiwa na kisukari. Hakuwahi kuomba kusafishiwa jina. Alipokuwa amelazwa hospitali ya Mvumi, hakuwataja waliomsema. Aliwataja wanafunzi wa darasa lile la Lulu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Alimwambia mkewe, "Mama Salha, niliogopa kusemwa, nikawanyima watoto. Na bado nikasemwa." Mkewe alimwambia apumzike.

Alifariki dunia tarehe 14 Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mjane, Bi. Mwajabu, watoto watatu, Salha, Athuman na Lulu, wajukuu wanne, na mdogo wake Hanifu, anayesoma maneno haya. Mwenyezi Mungu ampe huko aliko utulivu alioukosa kwetu.

Baada ya maziko, chakula kitakuwa nyumbani, Miyuji, na wote mnakaribishwa, pamoja na Mzee Sila. Maswali kuhusu kompyuta mjane hatayajibu, leo wala siku nyingine.