Skrubu Yenye Alama ya Rangi ya Kucha

Mgeni rasmi, Bwana Harlan Eberly, Mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni za Mashindano ya jimbo letu, wanachama wenzetu, na akina mama mliooka pai tangu jana:

Makaribisho

Sisi wanachama thelathini na mmoja wa Klabu ya Shabaha ya Fox Hollow, hapa Pennsylvania, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mashimo ya barabara yetu umeyaona mwenyewe. Pole kwa safari.

Tulikotoka

Klabu hii ilianzishwa na wachimba makaa waliorudi kutoka vitani. Fundi wetu wa bunduki ni Bi Verna Stauffer, mwenye miaka sabini na moja, aliyelenga shabaha hapa miaka arobaini. Mwaka juzi alipasuliwa bega, na daktari akamwambia kwamba teke la bunduki sasa basi. Alirudi nyumbani akalia. Na sisi tulilia.

Tunayojivunia

Bunduki inayojipakia yenyewe huchota gesi kidogo ya baruti kutoka mtutuni, gesi hiyo ikasukuma mitambo nyuma, ganda likatoka na risasi nyingine ikaingia. Gesi ikizidi, mitambo hugonga kwa nguvu, na bega ndilo linaloumia. Bi Verna akafunga skrubu ndogo ya kupunguza gesi.

Mara ya kwanza aliibana mno, tena asubuhi ya Januari, baridi ya kukata masikio. Risasi moja, kisha kimya, ganda limekwama. Shemeji yake, Orrin, akamwambia mbele yetu sote, "Shemeji, umeikaba koo. Hata mimi ukinibana hivyo sipumui."

"Wewe ukibanwa utapunguza maneno. Nishikie bisibisi."

Akailegeza kidogo kidogo mpaka mitambo ikaitikia, akatia alama kwa rangi nyekundu ya kucha: ya baridi asubuhi ile, na ya kiangazi joto lilipofika. Siku ile ya Januari alipiga risasi ishirini, akainuka anacheka. Tangu hapo wanachama wanne wenye mabega mabovu wamerudi uwanjani.

Linalotukwaza

Kanuni inasema bunduki ya daraja letu isiongezwe kitu. Septemba iliyopita Bi Verna aliongoza mashindano ya jimbo, kikombe cha ushindi kikimngoja. Skrubu iko chini ya kishikio cha mbele, na hakuna mwamuzi aliyeiona. Akaenda mwenyewe kwenye meza ya waamuzi akaisema. Jina lake likafutwa.

Garini Orrin alimuuliza, "Kilichokuwasha mdomo ni nini?"

"Kikombe kile ningekitazama vipi kila nikinywa kahawa?"

Waamuzi walifuata kanuni, hatuwalaumu. Ila tuliumia, mgeni rasmi, na mpaka leo tunaumia.

Ombi letu

Hatuombi kikombe kirudi. Tunaomba mstari mmoja tu katika kanuni: mwenye cheti cha daktari aruhusiwe skrubu hiyo. Bi Verna anasema asiporuhusiwa msimu huu, atauza bunduki yake. Tunamjua; hasemi jambo mara mbili.

Na kabla ya chakula, tunakuomba upige risasi tano kwa bunduki yake skrubu ikiwa wazi kabisa, kisha tano kwenye alama nyekundu ya majira haya. Maneno yetu unaweza kuyasahau njiani, lakini bega lako litakukumbusha. Bi Verna yuko pale mlangoni na bisibisi yake, anakusubiri.

Mungu akupe afya, akufikishe kwako salama, na akulindie mabega yote mawili.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Shabaha ya Fox Hollow
Imesomwa na Katibu, Dwight Kessler