Kizingia Katika Karatasi ya Mtihani

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, manyunyu yakiendelea, mwalimu wa jiografia alikuwa ndani ya treni akimalizia kusahihisha mitihani. Mwanafunzi wa mwisho alipungukiwa alama moja tu ili afaulu, na swali lililobaki lilitaka mfano wa janga la asili. Alikuwa ameandika: "Kizingia, yaani maji yanayozunguka na kumeza vitu."

"Mpe tu, mwalimu," alisema fundi bomba aliyeketi kando yake, akichungulia bila haya.

"Kaka, kizingia ni hatari. Huwa janga kikishaleta maafa."

"Dada yangu, kizingia cha sinki letu kilimeza meno ya bandia ya mama mkwe asubuhi ya harusi. Hakufumbua kinywa siku nzima!"

"Pole. Hilo kweli ni janga."

"Pole ya nini? Sijawahi kustarehe vile."

"Basi umejijibu mwenyewe. Si janga."

"Muulize mama mkwe."

Treni ilisimama. Fundi alishuka na mfuko wake wa spana. Mwalimu aliandika nusu alama kwa ajili ya mwanafunzi, kisha akaongeza nusu nyingine kwa ajili ya mama mkwe.