Ukipata Zunguka, Ukikosa Hama: Maisha ya Mama Valerian

Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa shikamooni, na wote poleni na msiba. Aliyelala mbele yetu ni Scolastika Januari, Mama Valerian. Anayesoma ni mdogo wake wa mwisho, Wiliam, ambaye marehemu alimwambia mara nyingi kwamba ana maneno mengi. Leo mtamvumilia kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 hapa hapa Kharumwa, mtoto wa Mzee Januari na mkewe Vumilia. Enzi hizo Nyang'hwale haijawa wilaya, na ng'ambo ya mto kulikuwa na pori nene la miyombo.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1962, akaishia darasa la nne. Akili alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba mvua za Novemba zikianza, nafasi yake darasani ilibaki wazi, na mwalimu hakuwa na haja ya kuuliza. Uyoga umeota.

Alilima pamba na mpunga, lakini kazi aliyoipenda ni kuokota uyoga, na alikuwa na namna yake. Akipata mmoja hakuondoka. Alizunguka pale pale kwa hatua fupi fupi, kwa kuwa uyoga hauoti peke yake. Akizunguka akaambulia patupu, hakubembeleza. Alinyanyua kikapu akaenda mbali, mahali pengine kabisa. "Ukipata, zunguka. Ukikosa, hama," alisema. Wiliam alikuwa na tabia ya kung'ang'ania kichuguu kimoja mpaka jua limchome, naye dada yake alimcheka: "Wewe unatafuta au unalinda?" Na kwa kuwa porini watu hupotezana, aliwaita wenzake kwa majina, na ukiitwa uitike upesi. Usipoitika, ukifika nyumbani utajuta.

Tarehe 6 Novemba 1971 alifunga ndoa na Deusdedit Ngassa. Walijaliwa Valerian, na miaka mingi baadaye, walipokuwa wamekwisha kata tamaa, mwaka 1984 akaja Lusia. Huyu alikulia mgongoni na porini, akiisikia sauti ile: "Lusia-a!" Naye akimwitikia mama yake kutoka nyuma ya miti: "Abee, mayu!"

Lusia alipomzaa Enock, mambo yakawa kama desturi ilivyo. Nyumba nzima, mama yake akiwa wa kwanza, ikaanza kumwita Mama Enock. Jina la Lusia likawekwa kando kama sahani za wageni. Baadaye ikavuma kwamba ng'ambo ya mto kuna dhahabu. Miti ikakatwa ikashikizie maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na leo ukienda pale utakuta vifusi na maturubai. Deusdedit alitangulia mwaka 2009. Marehemu hakuwa mtu wa kulalamika, ila mvua ikinyesha alisimama mlangoni akitazama upande ule, na chai yake ilipoa.

Tarehe 9 Machi 2021 alipatwa na kiharusi, akahamia Geita kwa binti yake. Miguu ilirudi. Majina yakakataa. La Valerian halikumpotea, maana kila aliyebisha hodi alimwamkia Mama Valerian. Lakini binti aliyemwogesha na kumlisha aliitwa "dada," siku nyingine "nesi."

"Mayu, mimi nani?" aliuliza Lusia. "Mimi Mama Enock. Sema, Mama Enock."

Mama alisema, na chai ikiisha limeshapotea. Lusia aliuliza tena na tena, mpaka mzee akageukia ukutani. Lusia alikuwa na haja moja tu: mama yake amwite kwa jina kabla hajaondoka. Jamani, mtu anaweza kuwa na mama ndani ya nyumba na bado akamkosa.

Desemba iliyopita Lusia alinunua uyoga uliotoka Buseresere, akamwekea mama yake ungo mapajani auchambue. Mzee akashika mmoja, akaunusa.

"Kichuguu," akasema.

Lusia akafungua mdomo aulize lile swali lake, kisha akamkumbuka mjomba Wiliam na kichuguu chake, akaufunga. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anang'ang'ania mahali pasipo na kitu. Mama yake alikuwa bado anaokota, ila pori lenyewe sasa liko kichwani, na kanuni ni ile ile. Akamwacha azunguke.

"Kichuguu. Mvua. Kikapu." Halafu akaurudisha uyoga ungoni. Palikuwa pamekwisha.

"Hapa hamna, mayu," Lusia akasema taratibu. "Tuhame. Twende ng'ambo ya mto."

Mzee akainua uso. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya porini mpaka majirani wakatoka nje:

"Lusia-a!"

Lusia akapiga magoti mbele ya ungo.

"We Lusia! Unaitwa, huitiki?"

"Abee, mayu."

"Usiende mbali."

Baada ya siku hiyo jina lilikuja na kuondoka, na Lusia hakulifukuzia tena. Mama Valerian alifariki dunia asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, nyumbani kwa Lusia, Geita.

Ameacha watoto wawili, Valerian na Lusia, wajukuu akiwemo Enock, na huyu mdogo wake mwenye maneno mengi, ambaye sasa hana wa kumnyamazisha. Lusia ana ombi moja kwenu. Mkija kumpa mkono wa pole, leo msimwite Mama Enock. Mwiteni Lusia. Ataitika.

Nawe dada, hapa palikwisha, umehama. Pumzika kwa amani huko ng'ambo ya mto. Usiende mbali.