Macho ya Sungura wa Songwa

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi uliyetoka Nairobi, pamoja na uliofuatana nao: sisi wanawake kumi na wanne tunaolisha sungura wa kampuni yako tunakukaribisha Songwa. Risala hii tumeiandika wenyewe. Ile aliyotuletea mnyapara Marselino, ikiwa imekwisha kupigwa chapa, tumemrudishia.

TULIVYOANZA

Mabanda yalipojengwa mwaka 1952 tuliambiwa sungura ni wa kitoweo. Tukakata majani, tukateka maji, wakazaana hadi mia tatu. Lakini nyama hatukuiona ikitoka. Waliingizwa kwenye chumba chenye mapazia, na wachache waliorudi walikuwa wakijigonga kwenye mbao. Tulipouliza, tukajibiwa ni jua.

YALIYOMPATA PASKAZIA

Mwenzetu Paskazia, mama yake Maige, hakuiamini habari hiyo ya jua. Amekulia zizini, jicho lililoumizwa na kitu analijua. Mwezi wa Machi mfagiaji aliugua, Paskazia akaitwa kufagia chumba kile. Akakuta sungura wamebanwa shingo kwenye ubao, safu nzima, wasiweze hata kujipangusa, na bwana wa maabara akiwatia matone machoni. Mmoja akalia. Paskazia hakuwa amewahi kumsikia sungura akilia. Aligeuka akidhani ni mtoto wa mtu.

"Bwana, huyu anaumwa nini?"

"Haumwi. Tunapima mafuta ya uso, ya akina mama."

"Na akipofuka?"

"Basi tutajua hayafai," akasema, akaandika kitu kwenye karatasi.

Juma lililofuata Marselino alitugawia kopo moja moja la mafuta, bure, akasema tupite kila Jumamosi tutazamwe nyuso. Baadhi yetu tulifurahi. Paskazia akamwuliza mbele ya wote, "Mnyapara, mkeo amepaka?"

"Mimi nimetumwa tu, mayu, mama yangu," Marselino akasema.

Kwa mwenzetu aitwaye Sikujua swali lile lilichelewa. Alikuwa amekwisha kupaka tangu asubuhi, na shavu lake, bwana, unaliona hapo mstari wa mbele.

Paskazia alipoliona shavu hilo lilivyobabuka, aliingia kwenye chumba cha mapazia akawafungua sungura tisa waliokuwa ubaoni. Hakukimbia. Alikaa mlangoni hadi bwana wa maabara alipokuja, akamwambia, "Ni mimi niliyewafungua." Akafukuzwa kazi siku ileile.

TUNAYOYAWAZA

Sisi ni watu wa mifugo. Tunachinja, tunakula, na ngozi tunalalia. Lakini kisu tunakinoa kwanza, ili mnyama asichelewe kufa. Kumfunga kiumbe siku tatu macho yakiungua, ili shavu la mtu ling'ae, hatukufundishwa na wazee wetu, wala kanisani, wala msikitini. Tena tunajiuliza: kama sungura walikwisha kueleza kwa macho yao kwamba mafuta hayafai, kwa nini tuliletewa sisi? Labda lipo jibu jema. Kila tuliyemwuliza amelikwepa.

MAOMBI

Tunaomba Paskazia arudishwe kazini. Sikujua atibiwe hospitali ya serikali, si na daktari wa kampuni. Chumba kile kifungwe, na mafuta yale yasipelekwe Kalangalala wala pengine ambako hawajasikia habari zetu.

Usitujibu kwa barua kupitia kwa mnyapara. Tujibu hapa, tukikutazama.

Tunakuarifu pia kwamba leo hatukukata majani. Kulipopambazuka tulifungua mabanda yote. Sungura wanaoona wamekwenda porini. Wale waliobaki hawakuuona mlango. Paskazia yuko nao ndani sasa hivi, anawalisha kwa mkono; ukitaka kuwaona, tutakupeleka.

Mungu akulinde safarini, akupe na moyo wa kusema kweli kabla hujaondoka.

Ni sisi, Wanawake wa Mabanda, Songwa, Juni 1954.
Msomaji: Scolastika, kwa idhini ya wote.