Olivia Ayaa na Simu Zilizokataa Laini ya Kongo

Baada ya miaka ishirini na tatu ya kazi, Mama Olivia Ayaa, msimamizi wa duka letu la simu la Bwera, anastaafu tarehe 31 Julai 2026. Vijana wengi walioajiriwa karibuni wanamjua tu kama yule mama anayewaita wakubwa wote "afande", awe ni mkurugenzi au mkaguzi wa hesabu. Ni vyema wakajua pia kwa nini duka la Bwera bado lipo.

Mama Ayaa alizaliwa kambini. Baba yake alikuwa askari kutoka Gulu aliyehamishiwa Kasese, na Kiswahili cha kwanza alichokisikia mtoto huyu kilikuwa cha amri: simama, kaa, leta. Alisomea biashara, kisha mwaka 2003 akajiunga nasi Kasese mjini, akiuza vocha za kukwangua kwenye dirisha lenye nondo. Lhukonzo, lugha ya wenyeji, alijifunza hapohapo dirishani, maana wateja hawakumpa nafasi nyingine. Alipopelekwa Bwera, kwenye mpaka na Kongo, akaongeza Kiswahili cha huko. Leo anaweza kumkemea mtu kwa lugha nne na kila mara akaeleweka.

Ameziona bei za simu zikipanda na kushuka kuliko mtu yeyote kati yetu. Alipoanza, aliyetaka simu mpya aliuza ng'ombe. Baadaye zikaja simu ndogo za vitufe, zile tuitazo katochi, na kila shamba la kahawa likawa na moja. Simujanja za kwanza zilikuwa za madaktari na watu wa hoteli za Mweya. Kisha watengenezaji wakaongezeka, bei ikashuka, na hata wakata chumvi wa Katwe wakaanza kuziulizia. Bei hiyo haishuki daima. Dola ikipanda, au ushuru, au vipuri vikiadimika huko vinakotengenezwa, simu ileile iliyokuwa nafuu mwaka jana inarudi kaunta ikiwa ghali zaidi, na mwenye kaunta ndiye anayeulizwa sababu.

Hapo ndipo ruzuku inapoingia, na kwa kuwa wengi huieleza vibaya, tuieleze polepole. Kampuni ya simu inanunua simujanja, kisha inamuuzia mteja kwa bei ya chini kuliko iliyonunulia. Si sadaka. Inatarajia kwamba mwenye simujanja atanunua bando mwezi baada ya mwezi, na pengo lile litajaa taratibu. Ila mteja akichukua simu ya nafuu na kutia laini ya kampuni nyingine, pengo linabaki letu. Kwa hiyo simu ya ruzuku hufungwa: inakubali laini yetu tu.

Mwaka 2023 makao makuu yalituma watu wa utafiti wa soko kuhesabu simu mikononi mwa wafanyabiashara wa Bwera. Waliona kila mtu ana simu mbili, zimefungwa pamoja kwa mpira. Wakaandika kwamba Bwera ni mji wenye uwezo mkubwa wa kununua. Sisi wa huku tungewaambia, kama wangeuliza, kwamba moja ni ya laini ya Uganda na nyingine ya laini ya Kongo, na kwamba zote mbili kwa kawaida ni katochi zilizochakaa. Hawakuuliza. Lori likaja limejaa simujanja za ruzuku.

Ziliuzwa haraka ajabu. Simu zile zilikuwa na nafasi mbili za laini, na watu walifurahi kwamba sasa wataacha kubeba simu mbili. Mama Ayaa mwenyewe aliwauzia kwa maneno hayohayo, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba kufuli lilifunga nafasi zote mbili.

Soko lililofuata, walirudi. Wa kwanza alikuwa Tabisa wa Kabatoro, ambaye huleta chumvi Bwera na kuwauzia watu wa ng'ambo. Aliweka simu kaunta kwa kishindo.

"Mama Ayaa, hii simu yako iko na kiburi. Uganda inakubali, Kongo inakataa. Sasa wateja yangu beko wapi? Si beko kule?"

"Imefungwa, dada. Kampuni ndiyo imefunga."

"Basi kampuni ikuje kununua chumvi yangu!"

Duka zima lilicheka, isipokuwa wenye duka. Wengine hawakurudi kugombana. Walivuka barabara hadi kwa fundi Abubaker, aliyefungua kufuli kwa kompyuta yake na kuharibu takriban kila simu ya tatu. Mauzo yakafa. Miezi michache baadaye Bwana Drani, mkuu wa mauzo, akaja kutoka Kampala na uamuzi: duka la Bwera lifungwe, wawili wahamie Kasese, wengine watatu waachishwe. Immy Biira, aliyekuwa miongoni mwa hao watatu, alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo.

Mama Ayaa hakumlaumu Bwana Drani, na tunamsifu kwa hilo, kwani hesabu alizokuja nazo zilikuwa za kweli. Alimwambia tu kwamba ruzuku ile tayari imelipwa, na simu iliyolala sandukuni haitainunulia kampuni hata bando moja. Akaomba mteja anayenunua bando kwa miezi mitatu mfululizo afunguliwe kufuli bure, hapo hapo kaunta.

"Na wakishafunguliwa wakatoroka nazo hadi Beni, huko Kongo?" aliuliza Bwana Drani.

"Ijumaa watarudi, afande. Soko liko huku. Na wakiwa huku, bando letu ndilo linashika."

Bwana Drani akampa nusu mwaka. Ikishindikana, duka linafungwa bila mjadala mwingine.

Mama Ayaa alianza kwa kuandika bei mbili kwenye kila simu: bei ya simu iliyofungwa, na bei kamili ya simu iliyo wazi. Kila mfanyakazi aliagizwa kueleza kufuli kabla mteja hajatoa pesa. Wateja waliandikishwa, lakini kwa mashaka. "Kampuni kufungua? Hiyo mimi sijaona," walisema.

Tabisa ndiye aliyetangulia kutimiza miezi mitatu. Aliomba afunguliwe siku ya soko, watu wakiwepo, ili kama ni uongo uonekane. Mama Ayaa akaingiza namba za kufungulia zilizotoka Kampala. Simu ikazima. Ikakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja mlangoni alisema, "Ameiua." Kisha ikawaka, Tabisa akatia laini ya Kongo, akapiga.

"Allo, Papa Sulaiti? Ni mimi, wa chumvi! Ndiyo, kwa simu moja! Leta mukokoteni, niko na magunia!"

Siku ile wafanyakazi wote watano wa Bwera hawakupata nafasi ya kula. Nusu mwaka ulipoisha, Bwana Drani hakuja. Alituma ujumbe mfupi kwamba duka libaki, na kwamba utaratibu huo uanze katika maduka yetu yote ya mpakani. Hakuna aliyeachishwa. Immy, ambaye mwanawe sasa anakimbia, ndiye anayechukua usimamizi mwezi Agosti.

Tulipanga kumuaga Mama Ayaa siku yake ya mwisho kazini, Ijumaa hiyo ya tarehe 31. Alikataa: ni siku ya soko, na duka halifungwi siku ya soko kwa ajili ya keki. Sherehe basi itakuwa Jumamosi, Kasese, saa nane mchana, na Bwana Drani amethibitisha kuja.

Mama Ayaa, wafanyakazi wa Kasese na Bwera tunakushukuru. Tunakuombea afya, bustani yenye rutuba, na wajukuu wanaotii amri ya kwanza. Atakayekuhitaji Ijumaa ya mwisho, akutafute kaunta.