Mwishehe, Aliyekula Katika Nyumba Zote Mbili

Assalaam aleykum ndugu, jamaa na majirani. Familia imeomba historia ya marehemu Mwishehe Abdulrahman Mbwana isomwe yote bila kuruka mahali, kwa sababu tangu jana maneno yamekuwa mengi barazani na jikoni, wapo wanaouliza alikula nini na kwa mkono wa nani, na wapo waliokwisha kusema kuwa mjane wake, Bi Khairiya, asikae eda katika nyumba hii bali arudishwe kwa kaka zake Manzese.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 hapa Kigamboni, mtoto wa pili wa Mzee Abdulrahman na mjukuu wa Jumbe Mbwana, ambaye watu walikuwa wakivua viatu mlangoni kwake. Ng'ambo ya barabara ilikuwapo nyumba ya Mzee Mohammed, mwenye duka wa asili ya Kiarabu, ambaye ukoo wake ulijihesabu ni wa masultani, na nyumba hizi mbili zilikuwa haziamkiani tangu mwaka 1959, pale Jumbe Mbwana alipokwenda karamuni kwa baba wa Mzee Mohammed, akarudi akilalamika tumbo, na kesho yake akafariki. Hakuna aliyethibitisha kitu, lakini kuanzia hapo watu wa Jumbe hawakunywa hata maji ya upande wa pili, na watu wa upande wa pili, kwa uchungu wa kuitwa wauaji, waliwakataza watoto wao kuvuka barabara.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kigamboni kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na jioni alisoma chuo cha Kurani, ambako watoto wa nyumba zote mbili walikaa mkeka mmoja kwa kuwa maalimu alikuwa mmoja. Huko ndiko Khairiya, binti wa Mzee Mohammed, alikomkatia nusu ya kaimati yake siku aliyokuja na njaa, naye akaila mbele ya wote, wenzake wakamzomea, "Wee Mwishehe, leo umekula kwa Sultani, kesho tunakuzika!" Kesho yake alikuja mapema kuliko wote, akawaambia, "Haya, nizikeni," akaketi karibu na alipokaa Khairiya.

Mwaka 1985 Mzee Mohammed alihamishia duka lake Manzese, na wengi waliamini alikuwa akimficha binti yake. Mwaka uliofuata marehemu alipata kazi katika karakana ya kuchomelea mageti huko huko Manzese, na kazi hiyo aliifanya mpaka ugonjwa ulipomzuia, akifundisha vijana wengi ambao leo wamekuja na sare zao za kazi kumbeba.

Alimwoa Bi Khairiya siku ya Ijumaa tarehe 12 Februari 1993, baada ya posa kukataliwa mara nyingi, na siku ya walima kila upande ulipika sufuria yake na kula ya kwake, ila bibi harusi alichota kutoka sufuria zote mbili, akamwekea mumewe sahani moja. Tangu hapo, kila alipowaandalia wakwe zake chakula, alianza yeye kula tonge la kwanza mbele yao, wala hakungoja kuambiwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mbwana, Shamimu na Noor, na katika kila uzazi dada mkubwa wa marehemu, Bi Tabu, alitoka Gongo la Mboto kuja kumpikia mzazi uji mpaka arobaini ikatimia, ingawa alikuja na sufuria zake mwenyewe na kuondoka nazo.

Mwaka 2008, Mzee Abdulrahman alipofariki, marehemu aliirudisha familia yake katika nyumba hii. Mwaka 2021 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na Januari mwaka huu wa 2024 figo zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu hospitalini, na madaktari wakakataza chumvi. Waliokuja kumjulia hali walionja chakula cha Bi Khairiya, wakatazamana, wakaenda kusema nje, "Chakula gani kile? Yule anammaliza taratibu." Bi Tabu, kwa kumpenda mdogo wake, akawa anavuka daraja na bakuli la ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, aliyepikwa kwa nazi ili mgonjwa apate cha mkono wa kwao, na marehemu alikula, kwa kuwa hakuweza kumrudisha dada yake na bakuli limejaa. Miguu ilipovimba, muuguzi alimfokea Bi Khairiya kwenye korido, "Mama, si tulikwambia chumvi hapana?" Bi Khairiya alijua bakuli lilitoka wapi, naye alijibu tu, "Nisamehe mwanangu," na Bi Tabu alikuwa amesimama nyuma yake. Marehemu alifariki jana, Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, akiwa hospitalini.

Daktari ametueleza kuwa figo zilikuwa zimeharibika siku nyingi na hakuna wa kulaumiwa. Hata hivyo asubuhi ya leo, wazee walipokuwa wakipanga kumpeleka Bi Khairiya Manzese, Bi Tabu aliingia kikaoni, akasema, "Mnamtafuta aliyemlisha? Ni mimi, kwa kumdhania mabaya huyu. Mkimtoa, nitoeni na mie." Ameomba mwenyewe neno hili lisomwe mbele yenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo yule aliyefoka, maana alifoka kwa kumhurumia mgonjwa, inawashukuru majirani waliotuchotea maji tangu jana bila kuombwa, na mafundi wenzake wa Manzese waliofunga karakana. Wazee wamekubaliana kuwa Bi Khairiya atakaa eda hapa, katika nyumba ya Jumbe, na Bi Tabu ameshahamishia godoro lake chumbani kwa mjane.

Mwenyezi Mungu akusamehe na akupe makao mema, Mwishehe. Pumzika kwa amani, mkeo yuko nyumbani kwake.